Ukoko wa utosini na ukurutu: tunayoambiana kwenye foleni ya kliniki

Foleni ya kupima watoto uzito ina madaktari wengi kuliko chumba cha daktari mwenyewe. Ilikuwa Julai, Nairobi ikiwa na ile baridi yake ya kuingia kwenye mifupa. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi minne, kavaa sweta mbili na kofia ya sufu, halafu kafungwa shali juu. Nilipomvua kofia apimwe, magamba yakaonekana kichwani na benchi zima likamgeukia. Mmoja akasema ni damu chafu. Mwingine akauliza nilikula mayai mangapi nikiwa mjamzito. Wa tatu, mwenye mtoto mgongoni, akanishauri nimnyoe kwa wembe kisha nimpake mafuta ya mzeituni. Sikubishana nao. Nusu ya hayo nilikuwa nimeshayafanya nyumbani.

“Magamba ni magamba, kichwa kimekauka tu”

Kichwani mwa mtoto mchanga kuna mambo mawili yanayofanana ukiyatazama kwa haraka, na namna ya kuyashughulikia ni tofauti.

La kwanza ni ule ukoko wa manjano, wenye mafutamafuta, unaong'ang'ania utosini na wakati mwingine kushuka hadi kwenye nyusi na nyuma ya masikio. Huanza wiki za mwanzo, mara nyingi kabla ya miezi mitatu, na kwa watoto wengi huisha wenyewe kabla ya mwaka kutimia. Tunauita ukavu, kumbe ni kinyume chake: unatokea pale ambapo ngozi ina mafuta mengi, na unahusishwa na fangasi wadogo waitwao Malassezia, ambao wanaishi kwenye ngozi za watu wote, wewe na mimi tukiwemo. Mtoto mwenyewe hana habari. Ananyonya, analala, anacheka. Anayeteseka ni mama yake, kwa aibu ya macho ya watu.

La pili ni ukurutu, ambao wengine wanauita pumu ya ngozi. Huu ndio unaowasha. Ngozi inakuwa kavu na ukiipitisha kiganja inakwaruza kama msasa. Mtoto wa miezi minne bado hajui kujikuna sawasawa, kwa hiyo anajisugua: kichwa kwenye godoro huku na huku, mashavu kwenye bega lako. Upara wa kisogoni peke yake si neno, watoto wengi huupata kwa kulalia. Lakini kisogo chenye upara, mashavu yaliyochubuka na mtoto anayeamka kila saa usiku akijipindapinda, hapo shuku ukurutu. Kwa wachanga hukaa mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu, ilhali sehemu inayofunikwa na nepi mara nyingi huachwa salama. Mtoto akikua, huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

Mtoto mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili. Wangu alikuwa navyo.

Na mapunye je? Hayo ni zaidi ya watoto wa chekechea na shule ya msingi. Nywele hukatika kwa viraka, na dawa ya kupaka peke yake haitoshi kwa sababu fangasi wake wanaingia ndani ya unywele. Mapunye yanahitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa, tena kwa kuandikiwa.

“Utosi hauguswi”

Hii ndiyo ilinifanya niupite utosi kila nilipomwogesha. Nilikuwa naosha shingo, masikio, kisogo, halafu pale juu panapodunda nanyunyizia matone mawili ya maji kama mtu anayebariki. Ukoko ukajaa palepale nilipopaogopa. Ukweli ni kwamba chini ya ngozi ya utosi kuna utando mgumu, na mkono unaoosha kwa upole hauwezi kuudhuru. Utosi hufunga kwa kawaida mtoto anapokaribia mwaka na nusu. Huwezi kusubiri hadi wakati huo ndipo uoshe kichwa.

Wembe nao hautibu chochote. Unaondoa nywele na kuacha ukoko, na ukiteleza unaacha mkato kwenye ngozi ambayo tayari ina shida. Kucha ni mbaya zaidi, kwa kuwa gamba hutoka na nywele zake na wakati mwingine na damu.

Kila aliyewahi kupika wali anajua ukoko wa sufuria haukwanguliwi ukiwa mkavu, unalowekwa. Kichwani ni vivyo hivyo. Paka mafuta laini ya mtoto kidogo, subiri magamba yalegee, kisha osha kwa shampuu ya mtoto ukisugua kwa ncha za vidole. Baada ya hapo pitisha brashi laini ya nywele za mtoto, taratibu, mwelekeo mmoja. Yanayotoka yatoke, yanayokataa yaache hadi kesho kutwa. Kosa langu lilikuwa kupaka mafuta asubuhi, jioni, na kutoyaosha. Nilikuwa nikiurundika ukoko juu ya ukoko mwenyewe, na kofia ya sufu juu yake ikiupasha moto.

“Cha asili hakina madhara, mpake mafuta ya mzeituni”

Ya kupikia sawa. Kwa ngozi ya ukurutu, hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapaka watu wazima mafuta ya mzeituni na ya alizeti. Yale ya mzeituni yalidhoofisha tabaka la juu la ngozi hata kwa watu wasiokuwa na ugonjwa wowote, wakati ya alizeti hayakufanya hivyo. Mafuta ya nazi yana rekodi nzuri zaidi: huko Ufilipino, matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha yanawasaidia watoto wenye ukurutu usio mkali. Lakini katika nyumba nyingi za hapa mjini mshindi ni yule wa bei ya chini, mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Mengi ya kwenye rafu yana harufu ya maua au ya peremende, na harufu ile ile inayotufanya tuyanunue ndiyo huichokoza ngozi. Geuza kopo usome.

Shida nyingine ni kipimo. Mtoto mwenye ukurutu mwili mzima anaweza kumaliza kopo la gramu 250 kwa wiki moja au mbili. La kwangu lilikuwa limekaa miezi mitatu nami najiona nampaka.

Hapa pia kuna dhana ya upande wa pili, kwamba ukimpaka tangu siku ya kuzaliwa hatapata ukurutu. Lilijaribiwa kwa watoto 1,394 Uingereza, matokeo yakatoka mwaka 2020: waliopakwa kila siku kwa mwaka mzima walipata ukurutu sawa na wenzao. Mafuta hayazuii ugonjwa kuja. Ukishakuja, ndiyo nguzo.

“Ni damu chafu, msafishe zaidi”

Damu haina kosa. Ngozi yenye ukurutu ni kama ukuta wa mawe uliojengwa kwa simiti haba: maji ya ndani yanatoka, na vumbi, sabuni na jasho vinaingia. Mwaka 2006 wanasayansi waliokuwa wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya protini iitwayo filagrini, mojawapo ya vitu vinavyoshikanisha ukuta huo. Kwa watu wenye asili ya Afrika hitilafu hiyo ni nadra zaidi, ila ukuta wenye nyufa ni uleule. Ndiyo maana ukurutu hutembea ndani ya ukoo pamoja na pumu na mafua ya mzio. Nilipouliza nyumbani, ikajulikana kwamba baba yake mtoto alikuwa nao hadi darasa la pili. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuniambia.

Sasa wewe ukimtia mtoto huyo kwenye beseni lenye ile dawa ya kuua viini inayogeuza maji kuwa meupe, au ukimsugua kwa sabuni ya kipande ya kufulia, unaiondoa hata ile simiti kidogo iliyobaki. Maji yawe vuguvugu, dakika tano hadi kumi zinatosha. Sabuni isiwe na harufu, itumike pale palipochafuka tu. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue, na mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Kuoga kila siku si dhambi, na kukaa siku tatu bila kuoga si dawa.

“Kama hakuna wekundu, si ukurutu”

Picha nyingi za ukurutu zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtoto wetu wekundu unaweza usionekane kabisa. Utaona rangi ya kijivu, ya zambarau au kahawia iliyokolea, na mara nyingi vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Pitisha mkono, kiganja huona kabla ya jicho. Ukurutu ukitulia huacha mabaka meupe au meusi, na hapo ndipo jirani husema dawa imemchoma mtoto. Mara nyingi ni alama za ugonjwa wenyewe, na huchukua wiki au miezi kurudi rangi.

“Steroidi ni sumu” na “krimu ya kemisti hutibu kila kitu”

Hizi mbili zinapingana, na bado mtu mmoja anaweza kuziamini zote. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Nilipita kwenye duka la dawa karibu na stejini, nikaeleza kwa dakika moja, nikapewa tyubu. Siku tatu baadaye mashavu ya mtoto yalikuwa laini kama ya kwenye tangazo. Nikaacha, yakarudi kwa hasira. Nikapaka tena, yakatulia, nikaacha, yakarudi. Mwezi mzima hivyo. Daktari aliigeuza ile tyubu, akaisogeza karibu na dirisha, akanisomea herufi ndogo: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na betamethasoni. Hiyo ya mwisho ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, tena yenye nguvu, na nilikuwa nikiipaka usoni mwa mtoto wa miezi mitano bila kujua ni steroidi. Ikitumika muda mrefu mahali kama pale, huifanya ngozi iwe nyembamba, na kwa mtoto mdogo dawa hupenya kwa wingi zaidi kuingia mwilini.

Nilidhani atanikataza steroidi kabisa. Badala yake akaandika nyingine, haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni ya kundi dhaifu, ya siku chache tu ngozi inapochachamaa. Akanionyesha kipimo: mstari wa krimu kutoka kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima hadi nchani. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Woga nao una gharama yake. Anayepaka kidogo sana kwa hofu humwacha mtoto akijichuna, vidonda vinaingia bakteria, mwisho anahitaji dawa kali kuliko ile aliyoikimbia.

“Ni maziwa yako”

Mama anayenyonyesha huambiwa aache mayai, maziwa, samaki, maharagwe, hadi anabaki na ugali na sukuma. Wapo watoto wachache, hasa wenye ukurutu mkali, ambao mzio wa chakula unachangia. Hao wachunguzwe na daktari kabla mtu hajafuta kitu kwenye sahani. Kuahirisha vyakula kwa hofu kunaweza hata kuleta balaa. Jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 lilichukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Walioanzishiwa karanga mapema, kabla ya mwaka mmoja, walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini sana kuliko waliozuiwa. Mwenye ukurutu mkali aanze kwa ushauri wa daktari, na siagi ya karanga iwe laini ndani ya uji, kamwe isiwe karanga nzima ya kumkaba.

Mengine yanakwisha haraka. Ukurutu hauambukizi, kwa hiyo mlezi wa deikea hana sababu ya kumtenga mtoto. Hauzuii chanjo, ya surua ya miezi 9 ikiwemo. Kuhusu maji magumu, yale yenye madini mengi, jaribio la Uingereza la mwaka 2011 lilichukua watoto 336, na waliofungiwa nyumbani mashine za kulainisha maji ukurutu wao haukupungua kuliko wa wenzao. Dawa za maji za mzio zinazoleta usingizi hulaza mtoto lakini hazitulizi ngozi, na promethazini haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka miwili. Na kama nyumba nzima mnajikuna usiku, baba, dada wa kazi na mtoto mwenye vipele viganjani na nyayoni, huo si ukurutu, ni ugonjwa wa upele (scabies), unaoambukiza. Mtatibiwa wote siku moja.

Kuna hali moja isiyosubiri Jumatatu: homa pamoja na malengelenge madogo yanayofanana, yenye kishimo katikati, yakisambaa haraka juu ya ukurutu. Hayo yanaweza kuwa ya virusi vilevile vya vidonda vya mdomoni, na ni safari ya hospitali usiku huo huo. Aliye na kidonda hicho mdomoni asimbusu mtoto, hata akiwa shangazi aliyetoka mbali.

Mama mkwe alikuja Agosti na kofia mpya ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Nilimwonyesha jinsi mtoto anavyotokwa jasho chini ya ile ya zamani na kuanza kusugua kichwa kabla hata hatujafika barabarani. Akamshika utosi kwa kiganja, akakaa kimya kidogo. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa leso ya pamba na kumfunga nayo, na kofia akalivika birika la chai.