Je, wajua kwa nini umeme ukishuka kidogo tu, hita ya maji inachelewa mno?

Wanaokaa mwisho wa laini wanaijua hii vizuri. Ikifika saa moja jioni kila nyumba imewasha taa, TV, pasi na jiko, umeme unakuwa mdogo, na ile hita ya ndoo ambayo asubuhi huwa inawahi sasa unaisubiri mpaka unasahau kama uliichomeka. Tuseme volti zimeshuka toka 230 hadi 180, hapo zimepungua kama asilimia 22 hivi, lakini joto la hita limepungua karibu asilimia 40. Sasa hiyo tofauti inatoka wapi?

Ichukue hita yenyewe usome pale ilipoandikwa. Nyingi zina 230V na 1500W. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo 1500 ukigawa kwa 230 unapata ampea 6.5, huo ndo mkondo unaopita humo ndani. Halafu volti 230 ukizigawa kwa hizo ampea 6.5 unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo, wa omu 35 na kidogo. Hii namba ya 35 ndo ya kuishika, maana inatokana na urefu, unene na aina ya waya uliomo ndani ya lile bomba la hita, mara nyingi ni nikrome, yaani nikeli iliyochanganywa na kromiamu, na huo waya hata ukipata moto ukinzani wake unabadilika kidogo sana. Umeme upande ushuke, 35 inabaki 35. Uhusiano huu wa volti, ampea na ukinzani aliuchapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, baada ya kupima nyaya moja moja kwa vifaa vya wakati ule, kazi ya uvumilivu kwelikweli, na ndo maana kipimo cha ukinzani kina jina lake.

Haya, rudi jioni. Volti 180 gawa kwa 35.3 unapata ampea 5.1. Sasa zidisha 180 kwa 5.1, unapata wati 918. Umeona kilichotokea? Volti zimeshuka, na kwa kuwa zimeshuka zinasukuma mkondo kidogo kwa hiyo ampea nazo zimeshuka, na wati ni hizo mbili zikizidishwa, basi hasara inaingia mara mbili. Njia ya mkato ni volti mara volti, gawa kwa ukinzani. Volti zikibaki nusu joto linabaki robo tu.

Ndoo ya lita 20 kuitoa nyuzi 25 mpaka 45 za kuogea inahitaji kama yuniti 0.47 (yuniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima). Kwa wati 1500 ni dakika 19 hivi, kwa wati 918 ni dakika 30. Na hapa kuna watu wanaamini umeme mdogo unamaliza yuniti za LUKU, kwa hita sio kweli, mita inahesabu wati na muda, wati zimepungua na muda umeongezeka, mwisho wa siku karibu ni ileile, inazidi kidogo tu kwa sababu ndoo inapoteza joto muda wote unaosubiri.

Friji ni habari nyingine kabisa na tafadhali msiichukulie poa. Ile ina mota, na mota inajitahidi kufanya kazi ileile hata volti zikipungua, kwa hiyo inavuta ampea nyingi zaidi. Volti zikishuka sana kompresa inashindwa hata kuanza kuzunguka, inanguruma tu imekwama, ampea zinakuwa mara kadhaa ya kawaida na koili zake zinaungua. Ndo maana hita unaweza kuiacha kwenye umeme mdogo, friji bora uichomoe.

Kuna kitu kingine hesabu hii inakuonyesha, nacho ni kama kuna volti zinazopotea njiani, na tatizo linaweza kuwa ndani kwako. Fundi apime volti kwenye soketi kabla hita haijawashwa, halafu apime tena ikiwa imewashwa. Tuseme zilikuwa 230 zikawa 220. Kwenye hita sasa zinapita ampea 6.2, na zile volti 10 zilizopotea njiani ukizigawa kwa 6.2 unapata omu 1.6 za njiani. Zidisha 10 kwa 6.2, ni wati 62 zinageuka joto kwenye nyaya za njiani. Zikitawanyika kwenye laini ndefu mpaka kwenye nguzo hutosikia kitu, ila zikikutana zote sehemu moja, kwenye skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, hilo ni joto zaidi ya kile chuma cha moto anachochomea nyaya fundi redio, maana vingi havifiki wati 60. Plastiki haivumilii hapo. Kwa hiyo ukiona plagi ina moto mkononi au soketi imeanza kuwa ya kahawia pembeni ya matundu, zima kwenye meni switchi, usiendelee kuchemsha hata ndoo moja, fundi afungue akaze skrubu na akate ule mwisho wa waya ulioungua ashike shaba mpya, na soketi yenyewe ibadilishwe.