Hiti fakta ni nini, na kwa nini yako na ya mwenzako hazilinganishwi hivi hivi

Nimeshasikia mara nyingi mno sasa. Mtu anarudi kutoka renji, uwanja wa kupiga shabaha, anatangaza "leo nimepiga hiti fakta ya 7", mwenzake anajibu kinyonge "mimi nilipata 2 tu, bado sana", na hapo hapo wa saba anaonekana fundi na wa mbili anaonekana mwanafunzi, wala hakuna aliyeuliza walipiga drili gani, yaani zoezi gani, umbali gani, shabaha ngapi. Ukichimba unakuta wa 7 alikuwa anapiga makaratasi ya mita kumi na wa 2 alikuwa amelala kifudifudi anapiga mita mia mbili. Kinachoniuma ni kwamba anayeumizwa na hesabu hii kila siku ni yule anayefanya mazoezi magumu, mpaka wengine wanaacha kabisa kupiga mbali kwa sababu namba zake "hazipendezi".

Maana yenyewe fupi tu. Hiti fakta ni pointi zako kwenye karatasi, toa adhabu, gawanya kwa sekunde ulizotumia. Basi. Pointi 60 kwa sekunde 12 ni 5. Ndo hesabu ya mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kupiga shabaha kwa vitendo, lililoanzishwa Columbia, Missouri mwaka 1976, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Huku kwetu wengi wanaijua kwa bastola, hasa Kenya, lakini bunduki ndefu nayo ina mashindano yake, ya kwanza ya dunia yalifanyika Urusi 2017 na ya pili Sweden 2019, na hesabu ni ile ile.

Sasa sehemu ya "gawanya kwa sekunde" ndo watu wanairuka, wanabaki na namba wanaishika kama vile ni maksi za mtihani. Hiti fakta ni kasi. Ni pointi ngapi unaokota kwa kila sekunde inayopita. Basi la mkoani likienda 80 kwa saa barabara ya Morogoro na daladala ikienda 15 Kariakoo mchana huwezi kusema dereva wa basi ni bora kuliko wa daladala, barabara siyo moja. Drili ndo barabara. Kuna drili ambayo mtu bora kabisa duniani hawezi kuvuka 3 hata afanyeje, kwa sababu kuna kukimbia, kulala, kusubiri pumzi itulie, ndo upige sahani ndogo ya chuma kule mwisho, na kuna drili nyingine ambayo mtu wa mwezi wa pili tu kwenye mchezo anapata 5 bila kutoka jasho.

Mfumo huu wa kugawa pointi kwa muda unaitwa Comstock, ni jina la mtu, Walt Comstock. Kanuni yake ni kwamba hakuna kikomo cha muda na hakuna kikomo cha risasi. Kila karatasi inahitaji mfano tundu mbili, ukipiga nne zinahesabiwa mbili bora, saa inasimama kwenye mlio wako wa mwisho. Ukiona umekosa unaruhusiwa kurudia, unalipa kwa muda.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo maana mkanganyiko mkubwa unaanzia hapa. Wengi wetu tumefundishwa shabaha kwa mtindo mwingine, mtindo wa muda uliopangwa. Unapewa risasi kadhaa na dakika kadhaa, ukimaliza unahesabiwa matundu, na sekunde zilizobaki hazina faida yoyote. Mfano mzuri ni jaribio la Appleseed, mafunzo ya kupiga bunduki kule Marekani, risasi 40, pointi 250 ndo mwisho, ukifikisha 210 unapewa beji. Unapiga mita 25 tu kwenye vishabaha vilivyopunguzwa ili viigize yadi 100 mpaka 400. Hatua ya pili unaanza umesimama, unashuka unakaa au unapiga goti, risasi kumi na kubadilisha magazini katikati, yote ndani ya sekunde 55. Mtu akimaliza kwa sekunde 40 na mwingine akafyatua ya mwisho sekunde ya 54 na matundu yao yakafanana, wako sawa kabisa. Mashindano ya PRS ya bunduki za masafa marefu nayo yana roho hiyo hiyo, mara nyingi unapewa kama sekunde 90 hivi, unahesabiwa ulizopata.

Kwa mtindo huo kazi yako ni kuutumia muda wote. Anayemaliza mapema na matundu yametawanyika ameutupa muda aliopewa bure. Kwa Comstock kila sekunde unailipia. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepata 95" na mwingine "nimepata 6.2" siyo kwamba mmoja anatumia namba kubwa na mwingine namba ndogo, hawa wamefanya michezo miwili tofauti na hakuna namna ya kubadilisha moja iwe nyingine. Kuna watu wanachukua maksi ya muda uliopangwa, wanagawa kwa ule muda wa juu, wanasema hiyo ndo hiti fakta yao. Hapana. Kama ulikuwa na ruhusa ya sekunde 55 na ukazitumia 55 kwa sababu hakuna aliyekuharakisha, kugawa kwa 55 hakusemi chochote kuhusu wewe.

Faida ya kweli ya hiti fakta, ambayo sioni ikizungumzwa kabisa, ni kwamba inakwambia sekunde moja kwenye drili ile ina thamani gani. Ikiwa unapiga drili kwa 5, sekunde moja ni sawa na pointi 5, kamili, hesabu haidanganyi. Sasa bunduki nyingi za risasi ya 5.56 zinahesabiwa kama minor, daraja la nguvu ndogo nitakalolieleza chini, kanda A ya katikati ni pointi 5, C ni 3, D ni 1. Ukipata C badala ya A umepoteza 2, yaani kwenye drili ya 5 umepoteza sehemu nne za kumi za sekunde. Kama kutuliza doti, ile nukta ya kulengea, vizuri kabla ya kubonyeza traiga kungekugharimu sehemu mbili za kumi tu, ungetuliza. Kwenye drili ya 10 ile C ni sehemu mbili za kumi tu, pengine iache uende. Kwenye drili ya 2 kule mbali, C moja ni sekunde nzima, hapo ukiharakisha unajiibia mwenyewe. Na kukosa kabisa ndo msiba, unakosa zile 5 halafu unakatwa 10, jumla 15, kwenye drili ya 5 ni sekunde tatu na kwenye drili ya 2 ni sekunde saba na nusu. Rudia risasi, haraka, usifikirie mara mbili.

Weka wapigaji wawili kwenye drili moja ya risasi 12. Wa kwanza anapiga A zote 12, pointi 60, sekunde 12, hiti fakta 5. Wa pili anapiga A nane na C nne, pointi 52, sekunde 10, hiti fakta 5.2. Wa pili ameshinda, na watu waliozoea kuangalia karatasi tu wanakasirika wanasema amebebwa. Hajabebwa, alijua C zake nne zinamgharimu pointi 8 na alijua amepata sekunde 2. Lakini angeongeza kosa moja tu, A moja ikawa hewani, angebaki na 37 kwa zile zile sekunde 10, yaani 3.7, amepotea kabisa. Ndo maana mchezo huu haumpi raha mtu wa pupa hata kidogo, kinyume na wanavyosema.

Halafu kuna jambo la power factor, kipimo cha nguvu ya risasi, ambalo linaharibu hata ulinganisho wa watu waliopiga drili ile ile. Unachukua uzito wa risasi kwa greini (kipimo kidogo cha uzito), unazidisha na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, unagawa kwa elfu moja. Bunduki ikifika 320 ni major, daraja la nguvu kubwa, ikiwa chini ya hapo lakini imefika 150 ni minor. Risasi ya greini 55 inayokwenda futi 3,000 ni 165, minor. Risasi ya .308, greini 150 kwa futi 2,800, ni 420, major. Major anapewa 4 kwa C na 2 kwa D. Kwa hiyo watu wawili wakatoboa karatasi matundu yale yale kwa muda ule ule, wa .308 atakuwa na hiti fakta kubwa zaidi, na ndo haki yake maana amepambana na mateke makubwa zaidi. Lakini ukilinganisha bila kusema, umemdhulumu mwenzako. Hapo sijagusa hata tofauti ya nusu otomatiki na bunduki ya kuvuta boliti.

Pointi zinavyosomwa nazo ni somo. Afisa wa renji anasimama usoni pa karatasi, tundu la 5.56 limekaa juu ya mstari kati ya A na C, anaweka kipimio cha plastiki juu yake anainama, ukingo umegusa, anaita "alfa", kwa sababu tundu likigusa mstari linapewa kanda ya juu. Ukijipima mwenyewe nyumbani bila mtu wa kukuangalia, matundu ya namna hiyo yote yanakuwa A. Kitu kingine cha bunduki ambacho wa bastola hawakijui sana, darubini au doti inakaa sentimita sita hivi juu ya mtutu, kwa hiyo ukiwa karibu, mita saba, ukiweka doti katikati ya kanda ya kichwa risasi inatua chini yake karibu kiasi hicho hicho. Mtu anapata C mfululizo, analaumu mkono, kumbe ni kuinua doti tu. Hiti fakta peke yake haikwambii hilo, karatasi ndo inakwambia.

Na wale wa kupiga kavu, yaani bila risasi, nyumbani kwa taima, saa ya kupimia muda, mazoezi mazuri sana, nayaunga mkono kabisa, bunduki ikaguliwe mara mbili na risasi ziwe chumba kingine. Ila hakuna hiti fakta ya kupiga kavu. Hakuna tundu, hakuna pointi, utagawa nini? Ulichonacho ni muda, na ni muda ambao ulijiwekea mwenyewe kwenye taima, ukasikia biipu ya kwanza na biipu ya pili na ukaamini ulimaliza katikati. Sema "naingia shabaha ya kwanza ndani ya sekunde moja na nusu", hiyo ni taarifa nzuri inayojitosheleza.

Hata kwenye mashindano yenyewe hiti fakta haijumlishwi, hili wengi hawalijui. Aliyepata kubwa kuliko wote kwenye steji, yaani sehemu moja ya mashindano, ndani ya divisheni yake, kundi la bunduki za aina moja, anachukua pointi zote za steji hiyo, tuseme 60, na wengine wanapewa kwa uwiano. Yeye 6, wewe 4.5, unachukua robo tatu, pointi 45. Steji inayofuata mnaanza upya na namba nyingine kabisa. Kwa hiyo waliotunga mfumo walishajua hizi namba hazitembei kutoka steji moja kwenda nyingine, wakaziacha pale pale zilipozaliwa.

Kwa hiyo ukitaka kujilinganisha na wenzako, na ni jambo zuri, linasukuma watu, kubalianeni drili moja, umbali mmoja, karatasi moja, divisheni moja, halafu andikeni vitu vitatu, pointi, muda, na hiti fakta. Pointi na muda vikiwepo mtu anaweza kuona kama ulishindwa kwa mkono, yaani shabaha, au kwa mguu, yaani kasi. Na kama mmoja yuko Nairobi na mwingine yuko Minnesota, semeni asilimia ya yule aliyeongoza kwenye drili hiyo. Ukipewa namba tupu, muulize tu kwa upole, "drili ipi hiyo, na kwa umbali gani?", maana mara nyingi hata yeye hakuambiwa kwamba inatakiwa kusemwa.