Buibui wa chooni kwa shemeji sio niliyemfuata Uluguru

Juzi kwenye shughuli ya familia shemeji kanichokoza mbele za watu. "Eti umelala porini siku tisa huko Uluguru unatafuta buibui wa miguu mirefu? Si ungekuja chooni kwangu, wapo kibao, na chai ningekupa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila nimerudi nyumbani nimeshika tama. Maana ni yale yale, anayasema dereva, anayasema jirani, na kuna siku kayasema mtu aliyeshika hela ya kunipeleka msituni: hawa buibui si wapo kila mahali?

Kabla sijaingia humo nimalize haraka yale mengine ambayo najua mtayauliza kwenye komenti. Hapana, huyo buibui wa miguu mirefu hana sumu ya kuua mtu, na ile hadithi ya mtandaoni kwamba ana sumu kuliko wote duniani ila meno yake mafupi haina ushahidi wowote, imezaliwa huko huko mtandaoni. Na hapana, hajakukojolea. Yale malengelenge ya "nimekojolewa na buibui" mara nyingi ni kale kadudu kembamba kekundu na keusi ka msimu wa mvua, umekaponda shingoni ukiwa usingizini, ama ni mkanda wa jeshi, na huo unataka hospitali, sio majivu. Tumemaliza hayo.

Sasa tuje kwenye "wapo kila mahali". Nani wapo?

Kwa shemeji nilienda kweli, na tochi na kichupa cha alkoholi, wifi akabaki ananiangalia tu. Nikapata dume mmoja mzuri, nikampeleka kwenye hadubini, palpi (kale kaungo ka mbele ambako dume anajamiiana nako, kila spishi na umbo lake) haina ubishi: Smeringopus pallidus. Huyu ndo yule mnayemjua, tumbo refu lenye mabaka ya zambarau iliyofifia, magoti meusi, ukimgusa anajitikisa na utando wote mpaka humwoni vizuri. Kapewa jina mwaka 1858 na Blackwall, Mwingereza mtaalamu wa buibui, na leo yuko Afrika, Asia, Amerika, Australia, mpaka visiwa vya Pasifiki. Sio maajabu. Anavumilia njaa, anapenda kona kavu yenye giza, na jike anabeba mayai yake kwenye taya, hayaachi ukutani, kwa hiyo ukihamisha kabati lenye jike mmoja umehamisha familia nzima. Sisi binadamu ndo tumemsafirisha na mizigo yetu.

Kwa hiyo shemeji, kwa huyo mmoja uko sahihi. Ila huyo ni mmoja!

Jenasi Smeringopus, yaani ukoo wake wa karibu, ina spishi (aina) zaidi ya 50. Karibu zote ni za Afrika, na zaidi ya nusu zilikuwa hazina jina mpaka mwaka 2012, pale Bernhard Huber wa makumbusho ya Koenig kule Bonn alipoipitia jenasi nzima upya. Na majina aliyowapa ukiyasoma kwa sauti unadhani uko stendi na wapiga debe wanaita abiria: ngangao, chogoria, turkana, bwindi, butare, katanga, harare. Yaani ndugu wa huyo wa chooni wamebaki na milima yao, na misitu yao, na mapango yao, na wengi wao wanajulikana sehemu chache tu. Aliyepanda meli ni pallidus, labda na natalensis wa Afrika Kusini ambaye naye kafika Australia. Kumchukua huyo msafiri ukasema jenasi nzima iko kila mahali ni sawa na kumwona Mchaga mmoja ana duka Mbeya ukasema Kilimanjaro imehamia Mbeya.

Na ukitoka nje ya Smeringopus mambo yanazidi. Kuna Buitinga, jenasi ambayo mpaka 2003 haikuwepo kwenye vitabu kabisa, wadogo, wa misitu ya milimani huku kwetu Afrika Mashariki. Humo kuna amani, mazumbai, uzungwa, wataita, mpaka kuna mmoja anaitwa kadogo. Sababu ya wingi huo ni ile milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita mpaka Udzungwa: mvua ya Bahari ya Hindi imeiweka na msitu kwa mamilioni ya miaka wakati tambarare za katikati zimekauka, na buibui wa kwenye majani yenye unyevu hawezi kukatiza mbuga kavu kwenda mlima wa pili, na familia hii ya Pholcidae, yaani hawa wa miguu mirefu wote, haisifiki kwa kupeperushwa na upepo kwa uzi kama buibui wengine. Kila mlima ukabaki kisiwa. Ndo maana msitu mmoja ukikatwa, pallidus wala hashtuki, anahamia kwenye banda lako, ila yule wa kwenye majani hana pa kwenda.

Sasa niseme na lile tusilopenda kuliandika. Tukisema spishi "inajulikana" kwenye msitu fulani tu, mara nyingi maana yake ni kwamba hapo ndo mtu alilala. Ramani zetu zinafanana sana na ramani za barabara na nyumba za kulala wageni. Jina la mahali sio mpaka wa buibui, anayeitwa kwa jina la msitu huu anaweza kuwa na binamu zake mlima wa pili na hakuna aliyekwenda kuangalia. Spishi nyingine zimeelezwa kwa vielelezo vichache mno. Na majike, Mungu anisamehe, kuna majike ya spishi jirani nikiyaweka pamoja chini ya hadubini naomba dume aje aniokoe.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea, tena vibaya. Nilikuwa na kichupa kilichotoka kwenye kibanda cha walinzi pembeni ya msitu, nikakiandika "pallidus" bila kufungua vizuri, si kibanda, si ukuta, si tandabui, nani mwingine? Kikakaa kabatini miaka mitatu. Siku nimekitoa ili kumwonyesha mwanafunzi palpi ya pallidus inavyokaa, nikazungusha, nikazungusha tena, mwanafunzi ananisubiri, palpi haifanani. Nilikuwa nimefanya kile kile alichofanya shemeji, ila mimi na digrii.

Kwa hiyo mkinitumia picha WhatsApp nitajibu "familia Pholcidae, labda Smeringopus" na nitaishia hapo, msinune, picha ya mgongo na miguu kwa mbali hainipi zaidi. Nataka dume aliyekomaa, na nataka kujua umemtoa wapi: ukutani, chini ya gogo, au kwenye majani. Lebo ya kile kichupa nimeshaibandua, nimeandika kwa penseli "Smeringopus sp.", na shemeji nimemwambia safari ya pili tunaenda wote, chai abebe yeye.