Hiyo si Epoksi, ni Kioo Juu ya Kioo

Kila mteja anayekuja karakana na picha ya sanamu ya Dustin Yellin kwenye simu ana maneno yaleyale: "Fundi, si epoksi tu hiyo? Mwaga, tumbukiza picha, subiri ikauke."

Hapana! Epoksi ni rezini, yaani kimiminika cha kumwaga kinachoganda kikawa kigumu na angavu. Sanamu za Yellin, Mmarekani mwenye studio Brooklyn, New York, ni vioo bapa vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Kila kioo kinabeba vipande vya picha vilivyokatwa vitabuni na magazetini, pamoja na rangi ya brashi: ncha ya bega kwenye hiki, bega lenyewe kwenye kinachofuata, mgongo vioo kadhaa nyuma. Ukisimama mbele unaona mtu mzima anaelea. Ukisogea pembeni, anaanza kuachana. Ni kweli alianzia kwenye rezini, lakini akaiacha akahamia kwenye kioo. Epoksi ukiimwaga nene kwa mkupuo inajipasha moto yenyewe, inapasuka au kujaa mapovu, na kwa joto letu la Dar inaanza kuganda ukiwa bado unapanga picha. Ikipigwa na jua inageuka njano. Kioo hakifanyi hivyo.

"Basi nipangie vya dirisha." Tazama ukingo wa kioo cha dirisha: kijani, kwa sababu ya chuma kilichomo. Kimoja hakikusumbui. Panga 20 vya milimita 6, uso wa mtu utakuwa kama wa aliyezama bwawani. Dai kioo chenye chuma kidogo, hata kama bei inauma.

Kuvibandika kwa silikoni ya akwariamu, ile gundi ya matangi ya samaki? Inakaushwa na unyevu wa hewa, na katikati ya vioo viwili vipana hewa haifiki. Itabaki mbichi.

"Vijana wawili watabeba." Mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 1 ni kilo 2.5. Sanamu ya sentimita 180 kwa 70, kina 40, inapita kilo 1,200. Kama unaishi ghorofani Upanga, muone kwanza mhandisi wa majengo.

Na kioo cha kawaida hakizuii mionzi yote ya jua; picha za magazeti zitafifia humo humo ndani.

Unayetaka kujaribu, anza na vioo vitano vya ukubwa wa A4, kingo zipigwe msasa, karatasi iwe kavu kabisa. Usibandike wakati wa masika. Unyevu ukinaswa mle, ukungu utaota mahali ambapo kitambaa hakifiki.