Mafunzo ya wodini yanavyomlinda mtoto mchanga

Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hayo ni matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022. Mashine zinahitajika, ila mashine hiyo hiyo mikononi mwa asiyeizoea inaweza kumdhuru mtoto. Oksijeni ikizidi kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, huharibu macho, ndiyo maana anayepewa hupimwa mara kwa mara ili kiwango chake kwenye damu kibaki kati ya asilimia 90 na 95.

Dawa ndizo zinazonitia hofu zaidi. Ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ya mtu mzima ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Mtoto mchanga wa kilo 3 hupewa miligramu 5 kwa kila kilo, yaani 15, ambazo hazifiki hata nusu mililita. Nukta ikikosewa mahali pake, dozi inakuwa mara kumi, na dawa hii ikizidi huumiza figo na masikio. Kwa hiyo tunafundisha wauguzi wawili wapige hesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe majibu kabla dawa haijavutwa kwenye bomba la sindano. Aliye peke yake usiku aite mwenzake wa wodi jirani, asione haya.

Stadi hizi husahaulika. Mtoto asiyepumua anapozaliwa anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, na aliyejifunza semina moja mwaka jana mikono yake imeshakuwa mizito. Mimi nashikilia mazoezi mafupi ya kila wiki, kwa mwanasesere, pale pale wodini, zamu ya usiku ikiwemo. Tena anayeripoti kosa asigombezwe, maana la pili atalificha.

Huku Mbeya, Njombe na Makete, baridi ya Juni na Julai ni somo la peke yake. Joto la mtoto libaki nyuzi 36.5 hadi 37.5. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri njiti aanze kangaruu, yaani kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, isipokuwa asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika mshtuko wa mwili, yaani damu yake haizunguki vya kutosha.

Nawe mama, uliza mwanao anapewa dawa gani na ana uzito gani leo. Mkumbushe mhudumu anawe mikono kabla ya kumshika. Tunawafundisha kulipokea swali hilo bila kukunja uso.