Maana na matumizi ya kitenzi "catch up"

Anayefanya kazi na wageni Moshi au Arusha, awe mpagazi, dereva wa safari au mtu wa mapokezi hotelini, hukisikia kitenzi hiki cha Kiingereza mara kwa mara. Maana yake ya msingi ni kumfikia aliyekutangulia. Kwenye njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro wageni hutangulia kuondoka kambini asubuhi, wapagazi wakabaki wanakunja mahema. "The porters will catch up with us," husema kiongozi: wapagazi watatufikia. Wakiwapita, hiyo sasa ni "overtake".

Maana inayotumika kati ya marafiki imetoka hapohapo. Watu wasipoonana kwa muda, kila mmoja huwa na mambo ambayo mwenzake hayajui: nani kaoa, nani kahama, kazi inaendaje. Kuambiana hayo ndiyo "catch up". "Let's catch up over coffee" ni mwaliko wa kukaa mkapashana habari. Sisi tungesema tukae tupige stori, ila stori hupigwa hata na mtu mliyeachana naye saa moja iliyopita, wakati "catch up" inataka pawe na habari zilizolimbikizana. Haisemi kwamba mlipoteana. Waliopoteana miaka 10 na sasa wametafutana, kitenzi chao ni "reconnect". "Catch up" ni yale mazungumzo yanayofuata.

Makosa mengi hutokea kwenye kaneno kanakofuata. Mtu huchukua "with", jambo huchukua "on": "I caught up with Neema", lakini "I need to catch up on sleep", yaani nifidie usingizi. Sisi husema "I want to catch up you" kwa sababu katika "nitakufikia" mtendwa yumo ndani ya kitenzi, hakuna cha kuongeza. Kiingereza hakikubali. Mwingereza anaweza kusema "I'll catch you up", mtendwa akiwa katikati, naye hukusudia nitakufikia. Mmarekani atasema "catch up to you". Wakati uliopita ni "caught up", kamwe si "catched up".

Chunga pia "I got caught up in a meeting": huyo alibanwa na kikao, hakupashana habari na yeyote. Na polisi "waki-catch up" na mtu, wamemnasa.

"We should catch up sometime", bila siku wala saa, mara nyingi ni heshima tu ya kuagana, na hakuna sababu ya kuudhika usipotafutwa. Kama unataka kweli kuonana, taja siku papo hapo: "Are you free on Saturday at four?" Na hiyo "four" ya mchana ni saa kumi yetu, ukienda saa nne asubuhi utakaa peke yako.