Kimelea ni nani? Neno tunalolichanganya kila tunapomtaja popo

Tangu Marburg, ugonjwa mkali wa virusi, ilipotangazwa mkoani Kagera, Tanzania, Machi 2023, na ikarudi Januari 2025, kuna sentensi ninayoisikia kila mahali: "Popo ana vimelea." Juzi nimeisikia kwa jirani yangu, aliyekuwa akitafuta kijana wa kuwafukiza kwa moshi popo wa darini kwake. Sentensi yenyewe ni kweli tupu. Popo ana vimelea, tena vya kila namna. Ila jirani alikusudia virusi, na hayo ni mambo mawili.

Maana kwa ufupi: kimelea ni kiumbe kinachoishi juu ya mwili wa kiumbe kingine au ndani yake, kikijipatia chakula humo kwa hasara ya mwenye mwili. Mwenye mwili huyo anaitwa mwenyeji. Basi, ni hayo tu. Angalia kwamba ugonjwa haujatajwa. Kimelea kinaweza kumuua mwenyeji, kinaweza kumkondesha, na mara nyingi mwenyeji huishi nacho maisha yake yote bila dalili unayoweza kuiona.

Neno lenyewe ni tamu kuliko maana yake. Limetoka kwenye kitenzi "mea". Mbegu humea ardhini. Tia kauli ya kutendea upate "melea", yaani kumea juu ya kitu kingine. Mwenye shamba la michungwa anajua habari hii bila kufundishwa: ule mmea unaoota kwenye tawi la mti usio wake na kuzamisha mizizi humo kunyonya, ambao wengine huuita kirukia. Lugha nyingine zilipita njia tofauti. Wagiriki walisema "parasitos", mtu alaye pembeni ya mwingine, na ndilo neno Wazungu walilolichukua. Waarabu husema "tufayli", kwa jina la Tufayl wa Kufa, anayesimuliwa kuwa hakukosa karamu ya harusi ingawa hakualikwa hata moja. Sisi pia mtu huyo tunaye: ni mdoezi. Lakini katika sayansi hatukubaki na mdoezi, tumepata kimelea, na mimi naona neno letu ndilo lililopiga shabaha katikati. Mdoezi hula akaenda zake, kesho yuko kwa mwingine. Kimelea kimeota. Kuking'oa ni kazi, na kikishang'oka mara nyingi hakina pengine pa kuishi.

Hata "mwenyeji" ni mwenye mji. Hakumwalika mtu, ila mji ni wake. Popo basi ni mji, na wakazi wake wanastahili kutajwa kwa majina.

Anza na nzi wa popo. Wengi wakimwona kwenye manyoya humwita buibui, kwa sababu jamii moja ya nzi hawa haina mbawa, ina miguu mirefu, na kichwa chake kidogo hukikunja kuelekea mgongoni. Ni nzi kamili, na ni ndugu wa karibu wa mbung'o. Undugu huo unaonekana katika kuzaa: kama mbung'o, jike hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni mpaka akomae, akatoka kidogo kwenye mwili wa popo kumwacha buu ukutani mwa pango, na papo hapo buu hugeuka pupa, yaani hatua ya kati kabla ya kuwa nzi kamili. Mtoe nzi huyu kwa popo wake, njaa itammaliza upesi. Yupo pia nzi mwingine wa popo, Ascodipteron, ambaye jike lake huingia ndani ya ngozi ya popo, likaacha mbawa na miguu, mwili ukavimba kama kifuko, ikabaki ncha ya nyuma tu nje. Kila nikimfikiria huyo nasema kweli aliyetunga neno "kimelea" angemwona angefurahi. Ameota hasa.

Kwenye utando wa mbawa kuna utitiri. Kuna viroboto wa popo. Kwenye nyufa za pango kuna papasi, ambao huja kunyonya damu kisha wakarudi kujificha. Kunguni pia wapo: mapango ya Mlima Elgon upande wa Kenya yana jamii yao inayowanyonya popo wakubwa wala matunda. Wengi husema kunguni wa vitandani mwetu tulimpata kwa popo zamani tulipoishi mapangoni, na kweli kunguni wa kitandani ana ndugu wanaoishi kwa popo mpaka leo. Lakini uchunguzi wa jeni uliotolewa 2019 ulionyesha kwamba ukoo wa kunguni una yapata miaka milioni 115, ilhali mabaki ya kale zaidi ya popo tuliyonayo yana takriban miaka milioni 52. Kunguni walikuwapo kabla ya popo. Walimnyonya nani wakati huo ni swali zuri. Na chawa? Popo hana chawa kabisa, ingawa mamalia wengi wanao.

Ndani ya mwili sitakaa sana. Popo wanaokula wadudu hupata minyoo bapa kupitia wadudu waliokulia majini, na wapo wenye tegu. Kwenye damu kuna Polychromophilus, jamaa wa vimelea vya malaria, ambaye hahitaji mbu: husafirishwa na yule yule nzi asiye na mbawa.

Sasa virusi. Kwa haki, kirusi nacho hakiwezi kuzaliana nje ya seli ya kiumbe kingine, kwa hiyo wapo wanabiolojia wanaokihesabu kimelea kwa maana pana. Lakini darasani na hospitalini, ukisema "vimelea" bila kuongeza neno, msikilizaji ana haki ya kuelewa protozoa (viumbe vya seli moja), minyoo, na wadudu kama kupe na viroboto. Kirusi cha Marburg hakinyweshewi dawa ya minyoo wala hakifi kwa dawa ya kupulizia kunguni. Watafiti walikitenga kikiwa hai kutoka kwa popo wala matunda wa mgodi wa Kitaka, Uganda, na matokeo yakachapishwa 2009. Popo hao walikuwa na virusi bila kuonyesha ugonjwa.

Uganda hiyo hiyo ndiko mkanganyiko unapogharimu zaidi. Mwaka 1977 kilitengwa kirusi kutoka kwa popo wa pango la Kasokero, kikapewa jina la pango. Miaka mingi baadaye ilithibitishwa kwamba kirusi hicho hupita kutoka popo hadi popo kwa kuumwa na papasi. Papasi ni kimelea, popo ni mwenyeji wa papasi, kirusi ni abiria anayepita kati yao. Jaribu kuieleza habari hiyo kwa mtu ambaye kwake vyote ni "vimelea". Hutafika sentensi ya pili.

Jirani nilimwambia, kwa upole maana ni mtu mzima na ana hofu ya haki, kwamba popo wa darini kwake ni wadogo wala mbu na nondo, si wale wa mapangoni wanaobeba Marburg. Hata hivyo asiwashike kwa mikono. Angoje msimu ambao hakuna vichanga, awaache watoke jioni, kisha azibe matundu. Moshi utawatawanya tu, wengine waangukie vyumbani. Nikamwongezea jambo moja: popo wakishaondoka, papasi na kunguni wao watabaki darini na njaa, na hao wanaweza kushuka kuuma watu, kwa hiyo apasafishe. Hao, nikamwambia, ndio vimelea vya popo.